Kontena moja, barua elfu mbili

Kwa kawaida katika ukurasa huu ninawaandikia juu ya kukata matawi ya kahawa, juu ya matandazo, ama namna ya kugeuza parshi mezani ili isipate harufu mbaya. Leo natoka shambani kidogo. Nataka tuzungumze juu ya telefone na juu ya jina la koperative. Ni maoni yangu, si amri ya mradi, na mutaona kwamba sehemu moja ya kosa ninaibeba mimi mwenyewe.

Mwaka uliopita kijana mmoja alikuja kwenye mkutano wa komite ya koperative moja ya kahawa, kandokando ya ziwa Kivu, ambayo ninaisindikiza. Kijana wa adabu, suruali imepigwa pasi, ordinatere mkononi. Akatuambia: "Kahawa yenu ni muzuri sana, lakini huko Ulaya hakuna mtu anawajua. Muko munangojea mnunuzi aje kuwatafuta. Mimi niko na roboti. Itaandikia wanunuzi 2000 kila mwezi. Ninyi munalala, yenyewe inafanya kazi." Bei ilikuwa dola 75 kwa mwezi, kwa miezi sita.

Roboti hiyo haina mikono wala miguu. Ni programu tu. Inaingia katika LinkedIn, ule mtandao ambao watu wa kazi wanaandika jina lao, cheo chao na kampuni yao. LinkedIn ilianza mwaka 2003, na tangu 2016 ni mali ya Microsoft. Si kama Facebook ambako unaona picha za ndoa na matanga. Pale ukitafuta mtu anayenunua kahawa ya kijani kule Antwerp au Hamburg, unaweza kumkuta kwa jina, na ukaona amefanya kazi hiyo miaka mingapi. Ni kitu cha maana, sitakisema vibaya. Roboti inatafuta watu hao kwa maneno iliyopewa, inamtumia kila mmoja mwaliko, inaweka jina lake la kwanza mwanzoni mwa barua ili aone kama ameandikiwa yeye, inangoja dakika kadhaa ili ifanane na mtu, halafu inakwenda kwa mwingine. Akikubali mwaliko, inamtumia barua ya pili. Asipojibu, baada ya siku tatu inamkumbusha. Tena na tena.

Tulipenda. Juu ya nini tusipende? Wengi wenu munakumbuka miaka ile kahawa ilikuwa inavuka ziwa usiku kwa mitumbwi, kwa sababu upande huu hakukuwa na mtu wa kuilipa bei ya haki. Munakumbuka pia wale waliopanda mtumbwi na hawakurudi. Kuko wamama memba wetu ambao ni wajane kwa sababu ya gunia za kahawa. Kwa hiyo mtu akikuambia nitakuletea wanunuzi wa moja kwa moja, hauko unasikia habari ya ordinatere. Unasikia kwamba mtoto wako hatapanda mtumbwi. Njo maana hatukuuliza mengi.

Aliyeuliza ni mzee mmoja tu, amekaa nyuma, kofia magotini. Akasema: "Na wakijibu wote, tutawapa nini?"

Watu walicheka. Mimi agronomi nilicheka pia. Halafu nikasema, sawa, tujaribu. Njo kosa langu lile.

Tufanye ile hesabu ambayo mzee aliifanya kichwani na sisi hatukuifanya kwenye karatasi. Kontena moja ya futi 20 inabeba kama gunia 320 za kilo 60, ni kusema kilo 19 200 za kahawa ya kijani. Ili kupata kilo moja ya kijani tunahitaji karibu kilo sita za serizi, ile nyekundu inayotoka mtini. Basi kontena moja inakula zaidi ya tani 115 za serizi. Koperative hiyo iko na memba 420 hivi. Kila mmoja inabidi alete kama kilo 270 kwenye stasyo ya kuoshea, zilizoiva vizuri, siku ile ile zimechumwa. Katika msimu muzuri tunafika pale. Katika msimu mbaya, mvua ikikosea ama kutu ya majani ikishika, hatufiki.

Maana yake tuko na kontena moja kwa mwaka. Mtu mwenye kontena moja anahitaji mnunuzi mmoja, ama wawili wagawane. Anayeuza programu, mashine ama viatu, yeye yuko na vitu elfu vinavyofanana. Akiandikia watu 2000 na kumi wakanunua, amepata faida, na wale wengine wakikasirika haimuumizi. Kwake roboti inaweza kuwa na maana. Sisi tungeandikia watu 2000 ili tuwaambie 1998 kwamba kahawa imekwisha.

Sasa niwaambie yaliyotokea.

Konti ilikuwa kwa jina la mama jeran wetu, na picha yake. Kijana alichukua neno la siri, lile tunaloita mo de pase, akalibadilisha "kwa usalama". Kwa hiyo tangu siku ile mama jeran hakuweza kuingia katika konti yenye jina lake na uso wake. Alikuwa anaongea na Ulaya mchana na usiku bila kujua anasema nini.

Juma la tatu telefone ikalia. Ilikuwa ni mnunuzi wetu wa zamani wa Ubelgiji, mwanamke ambaye alikuwa amekwisha kununua kahawa yetu misimu miwili na amelala nyumba ya mama jeran kwenye kile kilima. Akauliza: "Mama, ni wewe kweli, ama wamekuibia konti?" Alikuwa amepokea barua yenye kusema hivi: sisi ni koperative changa, hatujafahamiana bado, tungefurahi kujitambulisha kwako. Roboti ilimkuta katika orodha ya wanunuzi wa kahawa, ikamwandikia kama wengine. Yenyewe haina habari kwamba huyu alikula ugali wetu na sambaza. Mama jeran alipata haya mpaka alishindwa kujibu. Mimi niliyekaa karibu naye niliangalia chini.

Katika barua hiyo kulikuwa pia alama. Kijana aliandika kwamba kahawa yetu ina alama 87. Tulipoipeleka kuonjwa mara ya mwisho ilipata 83 na nusu. Si aibu, kahawa inahesabiwa ya kipekee kuanzia 80, na kutoka hapo ni kazi ya stasyo na ya mchumaji. Lakini 83 si 87. Tulimuuliza kijana, akasema 87 "inavuta macho". Ndugu zangu, kuko biashara ambamo unaweza kusema uongo kidogo na ukapita. Kahawa si mojawapo. Mnunuzi atakuomba eshantiyo ya gramu 350, ataikaanga, ataionja kwa kijiko pamoja na wenzake, na ulimi wake utamwambia. Baada ya hapo hata ukimwambia jina la kijiji chako atataka kuhakikisha.

Na mutazame namna kosa linavyosafiri. Munajua ule mnyauko wa migomba. Mtu anakata mgomba mmoja mgonjwa, hasafishi panga kwa moto, anakwenda kukata wa jirani. Si ubaya wa moyo, ni panga. Mama jeran akiandika barua mwenyewe na kukosea alama, amekosea kwa mtu mmoja, kesho anaomba radhi. Roboti ikipewa kosa inalipeleka kwa kila mtu iliyemwandikia, kwa jina lake, na hatuna hata orodha ya kujua tumuombe nani radhi.

Juma la tano LinkedIn ikafunga konti. Wenye mtandao wameandika wazi katika masharti yao kwamba programu za kujiendesha zenyewe haziruhusiwi. Wanaweka pia kikomo cha mialiko. Wanaoutumia kila siku wanakikuta kwenye 100 hivi kwa juma. Kwa hiyo ile ahadi ya 2000 kwa mwezi haikuwezekana tangu siku ya kwanza, labda kwa kuzungukazunguka sheria. Na wao wanaona mambo: konti moja inafunguliwa huku kwetu, na saa ile ile inafunguliwa kwa mashine iliyo nchi nyingine, mialiko inatoka mingi na wanaoikubali ni wachache, watu wanabonyeza pale panaposema "mtu huyu simjui". Ili kuifungua tena mama jeran aliombwa kitambulisho. Alipiga picha karte yake ya uchaguzi, akaituma kwa mega za kuazima, akangoja.

Ilipofunguka tuliingia wenyewe, na hapo njo niliumia zaidi. Mwingi ulikuwa ukimya. Wengine walijibu kwa kifupi kwamba tusiwaandikie tena. Lakini watatu walikuwa wamejibu vizuri. Wawili kati yao walikuwa wanauza mifuko na mashine, na wao pia pengine ni roboti, kwa hiyo roboti yetu na roboti zao zilikuwa zinasalimiana huko bila mtu. Wa tatu alikuwa mtu kweli. Mnunuzi mdogo, mwenye kiwanda chake cha kukaanga. Aliuliza mambo matatu: kahawa imetoka mita ngapi juu ya bahari, kuko gunia ngapi zilizobaki, na kama anaweza kupata eshantiyo kabla ya mwisho wa mwezi. Roboti ilimjibu kwa kumtumia ile barua ya kukumbusha, yenye kuuliza kama ameona barua ya kwanza. Mara mbili. Tulipomwandikia sisi wenyewe, zaidi ya mwezi ulikuwa umepita. Alijibu kwa adabu kwamba amekwisha kununua kwa wengine.

Kuandika barua kumekuwa rahisi sana siku hizi, hata ordinatere inaandika. Kigumu ni kujibu: kuwa na mtu anayejua gunia ngapi ziko depo, anayeweza kupima gramu 350, na aliye na ruhusa ya komite kutaja bei. Sisi tulilipa pesa kwa kile kilicho rahisi, na kile kigumu tukakiacha bila mtu.

Najua wengine watasema: agronomi, wewe umesoma vitabu vya udongo, mambo ya telefone waachie vijana. Ama watasema, wenzetu wa nchi nyingine wanatumia roboti, tutabaki nyuma. Nimefikiri juu ya hilo. Mimi niko na miaka thelathini na kitu, sikukulia bila telefone. Sikatai mashine. Mama jeran haandiki Kiingereza vizuri, na programu ya kutafsiri inamsaidia kila juma. Anaandika kwa Kifaransa, inageuza, mimi ama mwalimu wa shule tunasoma kabla haijatoka. Orodha ya mashamba tumeiweka katika ordinatere, na ni baraka, kwa maana kanuni ya Ulaya ya mwaka 2023 juu ya misitu inataka kahawa na kakao zijulikane shamba gani zimetoka, na kwamba pale hapakukatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Kwa shamba lisilozidi hektari nne, alama moja ya GPS inatosha. Kazi kama hiyo, mashine ifanye yote inayoweza. Kazi ya kusema "mimi ni fulani, nakuahidi hivi" sitaki ifanywe na kitu kisichoweza kuitwa mbele ya komite kujieleza.

Kuko pia jambo la mamlaka, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Munajua kashe ya koperative namna tunavyoilinda. Iko ndani ya kisanduku, kisanduku ndani ya kabati, ufunguo kwa mama jeran. Hakuna mtu atakuja na suruali ya pasi aseme, muniazime kashe miezi sita nitawapigia karatasi 2000 kila mwezi bila ninyi kuzisoma. Tungemfukuza. Lakini neno la siri la konti tulilitoa kwa mkutano mmoja. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ile ya 15 Desemba 2010, inasema koperative iliyorahisishwa inaongozwa na komite ya usimamizi. Komite ilichaguliwa na ninyi memba. Haikuchaguliwa ili igawe sauti yenu kwa mtu ambaye hata serizi hajawahi kuchuma. Nchi yetu nayo iko na sheria ya mambo ya numerike tangu 13 Machi 2023, na ndani yake kuna kulinda habari za watu. Ulaya wako na yao tangu 2018. Kukusanya majina na adresi za watu kwa roboti na kuwaandikia bila wao kuomba, mtu anaweza kukuuliza siku moja ulizitoa wapi. Na jina litakaloandikwa kwenye swali hilo ni la koperative.

Niseme basi namna tunavyofanya sasa, bila kusema ni dawa ya kila mtu. Msimu huu tulikaa mimi, mama jeran na yule mzee wa kofia, tukaandika majina 14 tu. Tulianza na watu waliokwisha kuonja kahawa ya Kivu: waliokuja kama waonjaji kwenye mashindano ya Saveur du Kivu, walionunua kwa koperative jirani na kusema hadharani kwamba wameipenda. Hao tuliwatafuta katika LinkedIn mmoja mmoja, kwa mkono, tukasoma wananunua nini. Wanne tuliwafuta mara moja, wananunua robusta peke yake ama wanataka kontena kumi. Tukabaki na kumi.

Kila mmoja aliandikiwa barua yake. Fupi, kwa maana ule mwaliko hauna nafasi ya maneno mengi. Ndani yake vitu vya kweli tu: kilima gani, mita 1600 mpaka 1850, Bourbon pamoja na mbegu zilizotoka Mulungu kwa INERA, alama 83 na nusu, nani alionja na lini, gunia ngapi tunatumaini, mashamba yote yako na GPS. Kisha swali moja: tunaweza kukutumia eshantiyo mwezi gani? Kila barua ilichukua karibu saa nzima, na siku mbili umeme ulikatika tukamalizia kwa betri ya pikipiki. Mama jeran ana daftari ambalo anaandika nani ameandikiwa, tarehe gani, amejibu nini. Kila asubuhi kabla ya kwenda stasyo anafungua telefone kuangalia kama kuko jibu, na likiwapo linajibiwa siku ile, hata kama ni kusema ngojeni mpaka Alhamisi tuulize komite.

Kati ya kumi, wanne wamejibu. Sijui kama watanunua. Mmoja amesema wazi kwamba mwaka huu hapana, tumwandikie mwakani mwezi wa tatu, na mama jeran ameandika hivyo katika daftari kwa wino mwekundu. Pesa zilizobaki za ile miezi sita, kijana alirudisha sehemu, si zote. Tumeamua zitalipa kutuma eshantiyo. Kijana mwenyewe sina chuki naye. Nilimwambia akitaka kazi kwetu iko: aje apime mashamba yaliyobaki, kijiji kwa kijiji, kwa buti. Bado hajajibu.

Mnunuzi wa Ubelgiji mama jeran alimpigia mwenyewe, akamweleza yote, roboti na 87 na aibu. Yule mama alicheka sana, halafu akanyamaza kidogo, akasema nitumieni ya msimu huu niionje kabla sijasema lolote. Iko mezani sasa, meza ya pili kutoka mlango wa stasyo, inabaki siku tatu ama nne kukauka kama mvua haitaturudisha ndani. Yule mzee anaigeuza mwenyewe, hataki mtu mwingine aiguse.